Chumvi ya Kumalizia

Siku niliyofungua kile kichupa mara ya kwanza nilidhani gesi inavuja. Nilikiweka mezani, nikainama kuuangalia mtungi, nikapaka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye kifundo chake, nikasubiri. Hakuna kipovu kilichotoka. Nikarudi kwenye kichupa, nikanusa tena, na harufu ilikuwa imo mle ndani: nzito, ya udongo uliolowa, yenye kitunguu saumu kwa mbali, yenye gesi kwa mbali, na nyuma ya hayo yote kitu nilichokijua tangu utotoni ila jina lake halikuja. Nilisimama pale jikoni nikikitafuta. Ilinichukua miezi kukipata.

Kichupa kililetwa na mdogo wangu. Anafanya kazi ya kutunza wazee huko Italia, na akirudi Krismasi huwa hatuletei vitu vikubwa. Mwaka ule alitoa begini kichupa cha gramu 100 chenye kifuniko cheusi, akaniwekea mkononi akisema, "Dada, hii ni chumvi ya tartufo. Hii ni yako, usigawe." Nilimuuliza bei. Alisitasita, mwishowe akataja: yuro 9. Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Ilikuwa zaidi ya shilingi 1,200. Mimi nauza chai na kiamsha kinywa kwenye kibanda karibu na Kondele, hapa Kisumu. Nachemsha mayai, viazi vitamu na mihogo, nakaanga chapati, napika uji. Chumvi nanunua pakiti ya nusu kilo kwa shilingi 30, na shilingi 1,200 naijua kwa mayai: ni karibu trei tatu.

Kwa wiki tatu sikukigusa. Nilikipandisha juu ya kabati nyuma ya glasi za wageni. Kisha mama mkwe akaja kutoka Siaya, na kwa kuwa anapenda omena nilitaka aone nimejitahidi. Nilinunua omena Kibuye, nikaziosha kwa maji moto mara tatu, nikazikaanga mpaka zikakauka na kuanza kulia kwenye karai, kisha nikatia kitunguu, nyanya na dania. Na chumvi: vijiko viwili vya chai vya ile ya yuro 9, mapema kabisa pamoja na nyanya, nikafunika. Nyumba nzima ilinukia. Jirani alipiga hodi kuuliza ninapika nini leo. Nilipofunua sufuria baada ya dakika 20 na kupakua, harufu haikuwepo tena. Omena zilikuwa tamu, mama mkwe alikula akaongeza, akaniambia "erokamano, nyathina", asante mwanangu, lakini zilikuwa omena zilezile ninazopika kila wiki. Ile harufu aliyoifuata jirani mpaka mlangoni kwangu ndiyo niliyokuwa nimeikusudia sahani, na ilikuwa imetoka na mvuke kupitia dirishani.

Usiku nilimpigia mdogo wangu. Nilipofika kwenye vijiko viwili alinikatiza. "Dada! Hiyo si chumvi ya kupikia, ni ya kumalizia. Epua kwanza. Pakua. Mtu akiwa ameshika kijiko chake, ndipo unanyunyiza."

Alinieleza mengi usiku ule, kwa sababu mzee anayemtunza alikuwa mtafuta tartufo enzi za nguvu zake. Tartufo ni jamii ya uyoga, ila haitoki juu ya ardhi. Inakaa chini ya udongo kwenye mizizi ya miti kama mwaloni, duara, yenye makunyanzi, ukubwa wa kiazi kidogo. Kwa kuwa imefukiwa, upepo hauwezi kuisambazia mbegu, kwa hiyo inatoa harufu kali iwaite wanyama waje kuifukua, waile, wakaieneze. Ndiyo maana harufu yenyewe ndiyo mali. Zamani watu walitumia nguruwe kuitafuta, lakini nguruwe anaila na kuvuruga mizizi, na sheria ya Italia ya mwaka 1985 inataka itafutwe kwa mbwa aliyefunzwa. Huyo mzee alikuwa na mbwa jike aliyemfanyia kazi hiyo miaka mingi, na mdogo wangu anasema hata sasa mbwa huyo akitajwa, mzee hubadilika uso.

Harufu iliyoumbwa kusafiri hewani haiwezi kustahimili moto. Ukiichemsha unaifukuza. Hilo ndilo somo la kwanza, na lilinigharimu zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kichupa.

Asubuhi iliyofuata nilianza na yai.

Nilichemsha yai la kienyeji kwa dakika 7 tangu maji yalipoanza kutokota, nikalitia kwenye maji baridi kwa muda mfupi tu ili libaki na joto, nikalimenya, nikalipasua katikati. Kiini kilikuwa kimeshikana pembeni na kati bado laini, rangi ya mawese. Nikachukua chumvi kwa ncha za vidole viwili, kidogo, nikainyunyiza kutoka juu ili isidondoke mahali pamoja. Sikula papo hapo. Niliziangalia zile punje zikikaa juu ya kiini bila kuyeyuka, na katikati yake vile vipande vyeusi kama majani ya chai. Kisha joto la yai likaanza kuamsha harufu ikapanda taratibu. Nilipouma, chumvi ilifika kwanza, kali, ya wazi. Halafu, nilipokuwa nimekwisha kutafuna na nadhani mambo yamekwisha, ile harufu ikapita nyuma ya koo ikatokea puani. Nilikaa kwenye kigoda nikalimaliza yai lote bila chai. Nimechemsha mayai kwa biashara miaka mingi na sikuwahi kukaa chini kula moja kwa namna hiyo.

Baada ya hapo nilianza kujaribu chakula kimoja kimoja, mara moja kwa wiki ili kichupa kidumu. Nilijifunza kwamba hii chumvi inataka chakula chenye mafuta na kisicho na maneno mengi. Mafuta ndiyo yanayoishika harufu isitoroke: kiini cha yai, siagi, avokado, maziwa. Na chakula kikiwa kimya, inasikika. Viazi vya Molo vikichemshwa na maganda, vikamenywa vikiwa moto, vikapondwa na kipande cha siagi, vinakuja karibu sana na yai. Avokado iliyoiva vizuri, ikikatwa nusu na kunyunyizwa, haihitaji hata mkate. Mihogo ilikuwa mikavu mno mpaka nilipoipaka siagi.

Mahindi choma hayakukubali. Moshi wa makaa na tartufo vilipigana mdomoni, hakuna aliyeshinda. Na nilipokuwa nikiyatafuna nikakumbuka kwamba mahindi choma tayari yana chumvi yake. Mama anayechomea kwenye kona ya barabara ana kibakuli cha chumvi iliyochanganywa na pilipili ya kusaga, anachovya nusu ndimu humo, analisugua hindi kutoka juu mpaka chini, na ile chumvi inaingia kati ya punje pamoja na maji ya ndimu. Inawekwa mwisho, ikiwa tayari kuliwa. Sijaona chumvi ya bei yoyote inayoweza kuyafaa mahindi kuliko hiyo.

Samaki pia nilimwacha. Ngege mbichi aliyetoka ziwani asubuhi ana utamu wake mdogo, wa maji, na tartufo ilimfunika. Kwake chumvi ya kawaida na ndimu vinatosha. Mboga za kienyeji nilijaribu mara moja, managu, na nikaona kwamba kazi iliyofanyika ni ya chumvi yenyewe: chumvi hupunguza ukali wa uchungu ulimini, na hiyo hata ya shilingi 30 inaiweza. Mrenda sikudiriki. Mrenda una munyu wake, nitaufikia.

Kuna siku nilijaribu kibandani. Niliweka punje chache juu ya mayai ya wateja wangu watatu wa kila siku, watu wa boda boda, bila kuwatoza chochote. Mmoja alifurahi akaomba tena. Wa pili akasema ni sawa tu. Wa tatu akaweka yai chini, akanitazama, akasema, "Mama, angalia mtungi wako." Nilimbadilishia yai. Harufu hii haipendwi na kila mtu, na si lazima ipendwe. Nilikosea kumwekea mtu bila kumuuliza.

Sasa niseme la ugali, kwa sababu ndilo lililonigusa.

Wenyewe mnajua, ugali wetu haupikwi na chumvi. Na mnajua pia maana ya mtu kusema alikula ugali kwa chumvi. Nilikulia Khayega, upande wa Kakamega, kwa Kukhu, mama yake mama. Kulikuwa na miezi, hasa kabla ya mahindi mapya, ambapo mboga ilikauka shambani na hela hazikuwepo. Kukhu alipika obusuma, yaani ugali, akakoroga chumvi kwenye maji moto ndani ya bakuli, na sisi watoto tukachovya. Tulikula kimya. Nilipokuwa shule na wenzangu wakitaja walichokula jana, mimi nilisema sukuma wiki. Nimekuwa mtu mzima, nina kibanda changu, na hata siku moja sijawahi kuweka ugali na chumvi mbele ya wanangu, hata kama mchuzi umechelewa.

Kwa hiyo jioni moja nilipokuwa nimebaki peke yangu na kipande cha ugali wa moto kwenye sufuria, nilisita kabla ya kukishika kile kichupa. Nilimega tonge, nikalifinya, nikaweka siagi kidogo katika shimo la kidole gumba, na juu yake punje za ile chumvi. Siagi iliyeyuka. Nilipotia mdomoni, harufu ikapanda, na kile kitu nilichokuwa nikikitafuta kichwani tangu siku ya kwanza kikaja chenyewe. Kilikuwa obwoba. Uyoga wa kichuguu. Kukhu alikuwa na ungo uliokaa juu ya mafiga, mweusi kwa moshi, ambamo alikaushia uyoga wakati wa mvua. Ulipokuwa mwaka mbaya, na zikafika zile siku za chumvi na maji moto, wakati mwingine alinyanyua mkono akatoa uyoga mmoja au miwili mikavu, akaisagia kwenye chumvi kwa jiwe kabla ya kumimina maji. Siku hizo bakuli lilikuwa na harufu. Tuliziita siku za nyama.

Nililia kidogo, siwezi kuficha. Nilikuwa nimeyabeba yale mabakuli miaka yote kama aibu, na sikuwahi kumkumbuka mwanamke aliyekuwa akinyanyua mkono juu ya moto kutafuta kitu cha kuyafanya yawe chakula.

Jumapili iliyofuata nilipanda matatu kwenda Khayega na kichupa mkobani. Kukhu amekula chumvi nyingi. Macho yamefifia lakini pua yake haijaguswa na miaka. Nilimpa anuse. Alikishika kwa mikono miwili, akanusa, akakiweka mbali kidogo, akanusa tena. "Hii imekaa chini ya ardhi," akasema. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu tartufo. Kisha akauliza ni nani aliyeikausha, na kwa nini hakutumia moto wa kuni.

Nilimwomba anifundishe yake. Alianza na munyu, kwa sababu kwake chumvi bila kutaja munyu haijakamilika. Wasiojua: munyu musherekha si chumvi ya dukani. Unachoma mabua ya maharagwe yaliyokauka, au maganda ya ndizi, au magunzi, mpaka yawe majivu meupe. Majivu unayatia kwenye chombo chenye matundu madogo chini, unamimina maji polepole, na yanayodondoka chini yana rangi ya chai hafifu na yanateleza kati ya vidole. Hayo ndiyo yanayopikiwa mrenda na likhubi, yaani majani ya kunde. Yanalainisha majani magumu haraka, na mrenda unavutika kama unavyotakiwa. Huo ni wa kupikia na unaingia mapema, kwa kipimo kidogo, maana ukizidi mboga inaonja sabuni. Chumvi ya obwoba, alisema, ni jambo jingine.

Uyoga wa kichuguu haupandwi. Mchwa ndio wakulima wake; wanaulima ndani ya kichuguu wapate chakula, na mvua ikishanyesha vya kutosha unapasua udongo na kutokeza juu. Kukhu anajua vichuguu vyake kama mtu anavyojua milango ya majirani. Nami naomba hapa mnisikilize: usichume uyoga usioujua kwa kuwa umesoma simulizi ya mtu. Kuna uyoga unaoua, na mwingine unafanana na ule mzuri. Mimi mwenyewe sichumi, naletewa na Kukhu, au nanunua kwa akina mama wanaouza kando ya barabara msimu wake, tena wale ninaowajua.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilianika uyoga juani kwa siku moja pale Kisumu, ukaonekana mkavu, nikausaga na chumvi, nikafunga. Baada ya siku tisa kulikuwa na ukungu wa kijani kwenye kifuniko. Shina lilikuwa bado na maji ndani. Mara ya pili niliupasua mwembamba kwa mikono, nikauanika siku mbili kwenye chekecheke chini ya chandarua ili nzi wasiusogelee, usiku nikiuingiza ndani, kisha nikaumalizia juu ya jiko la makaa lililokwisha kufifia, umbali wa mkono, mpaka ukawa unavunjika kwa sauti. Hiyo sauti ndiyo kipimo. Ukipinda, rudisha. Niliusaga kwenye kinu kidogo, nikachanganya kijiko kimoja cha unga wa uyoga na vijiko vinne vya chumvi.

Haifanani na tartufo, na sitaki mtu adhani nasema ni kitu kimoja. Tartufo ina harufu inayokushika kabla hujala. Obwoba ni mpole. Ukinusa kichupa unapata moshi na mchuzi wa kuku, basi. Nguvu yake iko ulimini, ule utamu wa nyama unaokaa mdomoni baada ya kumeza, na huo haukimbizwi na moto. Kwa hiyo hii unaweza kuitia ndani ya sufuria. Ile ya Italia nanyunyizia yai. Ya Khayega naitia kwenye maharagwe dakika kumi kabla ya kuepua, na wateja wangu wa mchana, wale wa chapati na maharagwe, wamekuwa wakiniuliza kama siku hizi natia supu ya ng'ombe.

Nilipoanza kuijali chumvi namna hii nilianza pia kusoma vibandiko. Kile cha kichupa kilikuwa na maneno machache ya Kiitaliano: chumvi ya bahari, tartufo ya kiangazi, na mwishoni neno "aroma". Mdogo wangu alinifafanulia kwamba tartufo ya kiangazi ni ile ya bei ya chini, yenye harufu ndogo, na hiyo aroma ni harufu iliyoongezwa kiwandani, kwa kawaida ya aina ya salfa iliyotengenezwa kufanana na tartufo. Ndiyo inayofanya pua ifikirie gesi. Kwa dakika chache nilijiona nimedanganywa. Kisha nikakumbuka lile yai, nikaona bado nalipenda. Lakini kama nitanunua tena kwa hela yangu, nitatafuta kichupa ambacho tartufo imetajwa kwa kiasi na aroma haipo, hata kikiwa kidogo zaidi. Kulipa bei ya msituni kwa kitu cha kiwandani si sawa.

Jambo jingine ambalo kibandiko hakikusema lilikuwa ayodini. Chumvi yetu ya pakiti, inayovunwa kwa kuanika maji ya bahari huko Gongoni na Marereni pwani, kwa sheria lazima iongezwe ayodini kabla ya kuuzwa, na sababu yake wazee wa kwetu wanaijua: rovu. Kukhu ana dada aliyekufa na shingo iliyovimba hivyo. Nyingi ya hizi chumvi za kifahari hazina ayodini. Kwa hiyo sijaiacha ya pakiti, na hata ya obwoba naichanganya na hiyohiyo ya pakiti, kisha naihifadhi mbali na moto na mwanga.

Na kuna presha. Baba watoto aliambiwa kliniki apunguze chumvi, na nilipouliza kiasi nikaambiwa kile ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri: mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo ndani ya mkate na vitu vya pakiti. Kijiko kimoja! Mimi nilikuwa natia viwili kwenye sufuria moja ya watu watano, na mezani watu wanaongeza. Hapo ndipo ile kauli ya "epua kwanza" ilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Chumvi iliyo juu ya chakula inafika ulimini moja kwa moja, ilhali iliyochemshwa imejificha ndani. Sasa natia sufuriani nusu ya nilichokuwa natia, na kila mtu anapewa punje zake juu ya sahani, kwa vidole vyangu. Nimeondoa kikebe cha chumvi mezani. Wiki mbili za kwanza walilalamika. Sasa ni mtoto wangu wa kwanza anayelalamika akila kwa jirani kwamba chakula kina chumvi. Lakini isieleweke kwamba chumvi ya tartufo ni dawa ya presha. Ni chumvi, na ukiimwaga inadhuru sawasawa na nyingine.

Hewa ya Kisumu ina maji, hasa mvua zikianza. Kichupa cha tartufo kilishikana kikawa bonge mwezi wa nne. Niliweka punje kama kumi za mchele zilizokaangwa kavu na kupoa, nikakitikisa kila siku, kikaachia. Na sikifungui tena karibu na sufuria inayofuka mvuke, wala sichovyi kijiko kilicholowa. Kimebaki robo.

Mvua za mwaka huu zilichelewa kidogo. Kisha Jumamosi moja alfajiri simu ikalia kabla sijawasha jiko la kibandani. "Mwana wanje," Kukhu akasema, "kichuguu cha nyuma ya kanisa kimepasuka." Nilimwachia mdogo wa mume wangu kibanda, nikapanda matatu ya kwanza. Mpaka Majengo ilikuwa mawingu tu. Chavakali mvua ikaanza. Khayega nilishuka viatu mkononi. Nilimkuta ameketi mbele ya mafiga, uyoga umelazwa kwenye jani la mgomba, mingine mipana kama sahani, mingine bado imefumba kama ngumi ya mtoto. Alikuwa amechagua mmoja mkubwa, akaung'oa shina, akaugeuza tumbo juu akauweka pembeni mwa makaa.

Vichupa vyote viwili vilikuwa mkobani mwangu. Nilivitoa nikaviweka mbele yake. Alivipapasa, akaviacha, akanyoosha mkono nyuma kwenye pakiti ya chumvi ya shilingi 30, akachukua kwa vidole viwili, akaunyunyizia ule uyoga uliogeuzwa. Tukatazama maji yakianza kujaa taratibu katikati yake, kijivu, yakitetemeka. Yalipofika ukingoni aliutoa motoni kwa mikono mitupu, akanipa. "Kunywa kwanza maji," akasema, "kabla hayajapoa."